Mazombi wamechosha, au tunawaangalia wasio wa mtu? Kingdom na The Walking Dead uso kwa uso

Kila muvi mpya ya mazombi inapotoka watu huuliza lile lile: humu kuna jipya gani? Na wana haki ya kuuliza. Ukishaangalia kumi, ya kumi na moja unaweza kuisimulia kabla haijaanza. Mtu anazinduka hospitalini, wodi nzima tupu. Barabara kuu imejaa magari yaliyotelekezwa. Kituo cha mafuta hakina mafuta, ila ndani ya duka lake kuna kitu kinakwaruza. Kundi linafika kwa watu wenye ukuta, kiongozi wao ni mpole kupita kiasi, na wewe uliyekaa kwenye kochi unajua tayari kwamba upole ule una jambo nyuma yake. Halafu kuna yule aliyeng'atwa, anayeshusha mkono wa shati ili jeraha lisionekane. Huyo hajawahi kukosekana. Anaficha, anaficha, mwisho anawageukia wenzake ndani ya gari.

Mimi nasema mazombi wenyewe hawajaisha utamu. Hadithi zao huchacha siku maiti wanapoacha kuwa mtu wa mtu, wakawa vitu vya kupigwa kichwani ili steringi apite. Ili tusibishane hewani, nimeweka kazi mbili mezani: The Walking Dead ya Marekani na Kingdom ya Korea Kusini. Zote mbili zilianza na msimu wa sehemu sita tu. Moja ikasimama mapema, nyingine ikashindwa kusimama. Kama unatafuta ya kuanza nayo wikiendi hii, tofauti yao itakusaidia kuchagua hata hizo nyingine nitakazozitaja huko chini.

Tahadhari moja kwanza. The Walking Dead ni ya zamani, kwa hiyo nitazungumza wazi kuhusu nani alikufa na lini. Kwenye Kingdom nitachunga mdomo, maana uhondo wake mwingi uko kwenye kutojua.

Saa zako na bando lako

The Walking Dead ilianza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha AMC tarehe 31 Oktoba 2010 na ikamalizika Novemba 2022. Misimu 11, sehemu 177. Ukiweka dakika 45 kwa kila sehemu unapata zaidi ya saa 130, na hapo hujagusa machipukizi yake: Fear the Walking Dead yenye misimu minane, World Beyond, Dead City, Daryl Dixon, The Ones Who Live. Kingdom ina misimu miwili ya Netflix, 2019 na 2020, jumla sehemu 12. Zote hazifiki saa 10. Ongeza Ashin of the North ya 2021, kisa cha pembeni cha saa moja na nusu, na umemaliza kila kitu.

Kwa anayeangalia kwa bando la simu, picha ya kiwango cha kawaida hula kama GB 1 kwa saa, na ukipandisha ubora inaweza kufika 3. Kingdom unaweza kuimudu. The Walking Dead piga hesabu mwenyewe, ukae chini kwanza. Wenye jamaa wa kuwajazia flashi hawana shida ya bando, lakini saa 130 ni saa 130 hata zikiwa kwenye flashi.

Ilipoanza, ilikuwa moto

Tusiionee The Walking Dead. Sehemu yake ya kwanza, iliyoongozwa na Frank Darabont, yule wa The Shawshank Redemption, bado haina wengi wa kuifikia. Rick Grimes, askari wa mji mdogo wa Georgia, anazinduka hospitalini. Ndiyo, hospitalini, na muvi ya 28 Days Later ilikuwa imeshafanya hivyo hivyo mwaka 2002. Lakini fuatilia kinachokuja. Anakutana na baba mmoja, Morgan, na mtoto wake wa kiume, wamejifungia ndani ya nyumba ya watu. Usiku mke wa Morgan, ambaye alishakufa, anapanda ngazi za kibarazani na kushika kitasa cha mlango. Kitasa kinazunguka. Mtoto anajifunika uso kwenye godoro na kulia.

Kesho yake Morgan anapanda juu na bunduki. Anamtafuta mkewe mtaani kupitia darubini ya bunduki mpaka anaupata uso wake. Kidole kiko kwenye kifyatulio. Hawezi. Anashusha bunduki, analia, anainua tena, hawezi. Wakati huo huo Rick yuko bustanini, anamtafuta mwanamke aliyemwona siku aliyotoka hospitalini: nusu ya mwili, amebaki kifua na mikono, anajikokota kwenye majani. Rick anainama karibu yake, anampa pole kwa yaliyomkuta, ndipo anafyatua. Kamera inarudi kwa Morgan dirishani.

Hapo hakuna kipya hata kimoja ukiangalia orodha ya vitu: bunduki, maiti, mtaa mtupu. Kinachokukaba ni kwamba kila maiti pale ana mwenyewe. Yule ni mke wa fulani na mama wa fulani. Hata yule wa bustanini, asiyejulikana jina, amepewa pole kama jirani.

Msimu wa pili ukatupeleka shambani kwa mzee Hershel, na watu wengi huuita msimu wa kulala. Ni kweli unajikokota. Darabont alikuwa ameondolewa mwaka 2011 kabla msimu huo haujaonyeshwa, ukazuka ugomvi wa kisheria na AMC uliomalizwa mwaka 2021 kwa malipo ya dola milioni 200, na ukiangalia sehemu zile unauona mtikisiko. Kutwa wanamtafuta Sophia aliyepotea porini, binti wa Carol, mmoja wa kundi la Rick. Lakini mzee Hershel anafuga maiti kwenye banda la shamba. Anawalisha kuku. Kwake yeye hao ni wagonjwa, yumo mke wake, yumo mtoto wa mke wake, na dawa itapatikana siku moja. Wenzake wanamwona mjinga. Kwenye sehemu ya saba banda linavunjwa, maiti wanatoka mmoja mmoja na kupigwa risasi, na wa mwisho kutoka, baada ya kimya, ni Sophia. Mwaka 2011 wengi walizima televisheni wakabaki wamekaa. Mateso yote ya msimu ule yalilipwa na dakika tano hizo.

Kisha ikaanza mizunguko. Gereza na Gavana wake. Makazi ya Terminus. Makazi ya Alexandria. Kisha adui Negan na rungu lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge. Ngome mpya, kiongozi mpya, ukuta unaanguka, mabegi mgongoni, barabarani. Na polepole wale maiti wakapoteza wenyewe. Ukifika misimu ya katikati utaona mtu anamchoma zombi kisu cha utosini huku anaendelea na mazungumzo yake kuhusu mambo mengine, kama anayefyeka nyasi nyuma ya nyumba. Hakuna anayeuliza yule alikuwa nani. Hofu ikahamia kwa binadamu wenzao, na binadamu mbaya mwenye jeshi lake unaweza kumpata kwenye tamthilia yoyote ile, haihitaji zombi hata mmoja.

Watazamaji waliliona. Msimu wa tano ulifunguliwa Oktoba 2014 na watu zaidi ya milioni 17 kwa usiku mmoja, rekodi ya tamthilia hiyo. Sehemu ya mwisho kabisa, Novemba 2022, ilitazamwa na milioni 2 na kidogo kwenye televisheni. Haki isemwe: katika miaka hiyo watu wengi walihamia kuangalia mtandaoni, kwa hiyo si wote waliokimbia. Lakini wengi wanakuonyesha siku yenyewe waliyoondoka. Msimu wa sita uliisha Aprili 2016 Negan akiwa ameinua rungu, bila kuonyesha linamshukia nani, na tukasubirishwa mpaka Oktoba. Lilipomshukia Glenn, kijana ambaye tulikuwa naye tangu sehemu ya pili, kilichouma zaidi kilikuwa ule mchezo wa kututega miezi sita. Kifo kiligeuzwa tangazo.

Halafu kuna suala la steringi. Sote tumekua tukijua steringi hafi, na The Walking Dead ilijipatia jina kwa kuonyesha kwamba hapa anakufa. Mwaka 2018 Rick akalipua daraja akiwa pale pale, ukasema basi, safari imefika. Helikopta ikamwokota. Mwaka 2024 akarudi na tamthilia yake mwenyewe. Nilifurahi kumwona, siwezi kukataa, lakini hapo ndipo utajua hadithi imeshakuwa duka, na duka halifungwi wateja wakiwepo.

Kingdom: njaa imeanza kabla ya mazombi

Sasa njoo Korea ya enzi za wafalme wa Joseon, miaka michache baada ya vita na Wajapani. Mfalme haonekani. Malkia kijana ana mimba, na baba yake, waziri Cho Hak-ju, anataka mfalme ahesabike yu hai mpaka mtoto azaliwe. Mwanamfalme Lee Chang ni mtoto wa suria; mdogo wake wa kambo akizaliwa wa kiume, yeye kwisha habari yake, pengine na kichwa. Anatoka ikulu kumtafuta tabibu aliyemtibu mfalme, na safari inampeleka Dongnae, kusini kabisa.

Kwenye zahanati ya huko ndipo Kingdom inapokushika koo. Wagonjwa wana njaa, siyo ya kuruka mlo mmoja, ile ya miezi. Tabibu amerudi kutoka ikulu na maiti ya msaidizi wake kijana, aliyeng'atwa na mgonjwa asiyetakiwa kutajwa. Mwanaume mmoja, Yeong-shin, anapika sufuria kubwa la supu na kuwaambia wenzake amewinda paa. Wanakunywa. Wanashukuru. Wanaomba kuongezewa. Yule anayewapikia anajua ni nyama ya nani, na mtazamaji anajua pia, na unajikuta huwezi kumlaani moja kwa moja, kwa sababu umeshaona mbavu za wale watoto. Ugonjwa ambao ulikuwa unaua tu aliyeng'atwa unaanzia hapo kuwa kitu kingine.

Huo ni mwanzo ambao huwezi kuuhamishia Georgia wala London. Umetokana na nchi ile, njaa ile, na watawala wale. Ndiyo sababu hauchoshi hata kama mazombi wake wanakimbia na kung'ata kama wa kwingine.

Kuna kisa kingine cha msimu wa kwanza nitakachokisimulia nusu. Imegundulika kwamba waliokufa wataamka usiku, lazima maiti wote wakatwe vichwa au wachomwe kabla jua halijazama. Makabaila wa mji wanagoma. Mwili ni amana ya wazazi, hauguswi. Ya walalahoi chomeni mtakavyo, ya wakubwa wazikwe kwa heshima. Muda unakwenda, jua linashuka, watu wanabishana itifaki. Baadaye wakubwa wanakimbilia merikebu na kuwaacha raia bandarini wakipiga mayowe. Ndani ya merikebu mama mmoja wa ukoo mkubwa amepakia sanduku, na ndani ya sanduku amelaza mwanawe wa pekee. Hakutaka achomwe. Usiku utaingia na wao wako katikati ya maji. Basi, naishia hapo.

Yule mama ni Hershel na banda lake, miaka minane baadaye na bara jingine. Ni wazo lile lile. Sitasema Kingdom imeiga, nasema limetumika vizuri mara mbili kwa sababu linagusa kitu kilicho cha kweli: hakuna mtu anayekubali haraka kwamba mtoto wake si mtoto wake tena. Kurudia si kosa. Kosa ni kurudia ganda na kuacha kiini.

Tukiwaweka bega kwa bega

Mazombi wa The Walking Dead ni wa polepole. Wanafuata sauti na harufu, na mmoja peke yake hata bibi anaweza kumkwepa. Hatari yao ni wingi na uzembe wako. Wa Kingdom wanakimbia, tena kwa fujo, lakini mchana wamelala wamejipanga kwenye vichochoro na chini ya sakafu za mbao, wamebanana. Hiyo inaipa hadithi saa. Kila sehemu ina jua linalotua, na kila anayeishi humo anaangalia mbingu. Msimu wa kwanza ukikaribia kuisha utagundua kwamba jambo waliloliamini kuhusu usiku na mchana lina kasoro, na ule mshtuko unatokana na kanuni yenyewe, haukubandikwa.

Kwa macho tu, Kingdom ni nzuri kupita kiasi. Paa za ikulu, theluji, mashamba makavu, na zile kofia nyeusi za wakubwa ambazo watu duniani kote walizizungumzia kuliko damu. Waliozoea tamthilia za Kikorea za kifalme watajikuta nyumbani: fitina za ikulu, wazee wenye ndevu, mrithi anayewindwa. Ushauri wangu ni kuacha sauti ya Kikorea na kusoma maandishi ya chini. Ile iliyoingiziwa sauti ya Kiingereza inaua nusu ya utisho.

Upande ambao The Walking Dead inashinda, tena kwa mbali, ni watu. Saa 130 zina faida yake. Carol anaanza akiwa mke anayepigwa, haongei mpaka mumewe amruhusu, na anaishia kuwa mtu ambaye ukisikia yuko upande wa pili unatafuta njia nyingine. Mabadiliko yale yalichukua miaka na uliyaona yakitokea. Yumo Michonne, anayechezwa na Danai Gurira aliyekulia Zimbabwe, ambaye wengi walimjua baadaye kama Okoye wa Black Panther. Anaingia na upanga na maiti wawili waliofungwa minyororo, na kazi yake nzuri zaidi aliifanya akiwa kimya. Kingdom haina nafasi hiyo. Lee Chang ni mwema tangu mwanzo na anazidi kuwa mwema. Waziri Cho ni mbaya asubuhi mpaka jioni. Seo-bi, tabibu wa kike anayechezwa na Bae Doona, anapendeza sana lakini hatujui hata anaota nini. Ukipenda wahusika kuliko visa, hilo litakusumbua.

Na Kingdom ina kasoro moja ya kukera: msimu wa pili unaumaliza mgogoro wa ikulu vizuri, kisha dakika za mwisho unafungua mlango mpya. Ashin of the North inaeleza kilichotangulia, haiendelezi mbele. Msimu wa tatu haujaja. Anayetaka kila fundo lifunguliwe ajiandae.

Alikotoka zombi, na jirani yake msukule

Hapa nitatoka nje ya mizani kidogo. Zombi wa mwanzo hakuwa mla watu. Ametoka Haiti, kwenye mashamba ya miwa, na alikuwa mtu aliyenyang'anywa hata kifo ili aendelee kufanya kazi. Wamarekani waliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, hadithi zikasafiri nao, na mwaka 1932 ikatoka White Zombie. Humo kuna kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na maiti. Mmoja anateleza na kutumbukia ndani ya mashine. Hakuna anayegeuka. Wenzake wanaendelea kusukuma na mashine inaendelea kulia. Miaka zaidi ya 90 imepita na bado ni kati ya vipande vinavyotisha zaidi, bila meno wala damu.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Msukule tunayesimuliwa, anayelimishwa shamba la mtu usiku na kulishwa pumba, huku kwao walishamlilia na kuzika kinachodhaniwa ni yeye, ni jirani wa karibu wa yule wa Haiti kuliko wa mwongozaji wa Marekani George Romero. Hofu yake haiko kwenye kung'atwa. Iko kwenye kufanyishwa kazi bila mwisho, na kwenye ndugu yako kupita mlangoni asikujue.

Romero ndiye aliyetuletea huyu wa kisasa mwaka 1968 kwa Night of the Living Dead, muvi ya bajeti ndogo, kama dola 114,000, iliyopigwa huko Pennsylvania. Maiti wanakula watu, wanakufa ukipiga kichwa. Steringi wake ni mtu mweusi, Duane Jones, jambo ambalo halikuwa la kawaida Marekani ya mwaka ule. Anamaliza usiku wote akiwa mzima. Asubuhi wanakuja waokoaji weupe wenye bunduki, wanamwona dirishani. Sitamalizia, ingawa pengine umeshajua. Iko huru mtandaoni kihalali, kwani wasambazaji walisahau kuweka alama ya hakimiliki walipobadilisha jina lake, na ni dakika 96 tu.

Kwa hiyo mazombi walipoanza walikuwa watumwa, kisha wakawa kioo cha Marekani yenye bunduki na ubaguzi. Kingdom imerudi huko huko: maiti wake ni wenye njaa. Ndiyo maana naipa mbele.

Kama hizo mbili hazikufai

Mwenye usiku mmoja tu, Train to Busan ya 2016. Saa mbili kasoro dakika mbili. Baba anayesimamia fedha za watu anampeleka binti yake kwa mama yake kwa treni ya kasi kutoka Seoul, na mgonjwa mmoja anawahi kuingia kabla mlango haujafungwa. Mtoto anampisha bibi kizee kiti, baba anamgombeza: wakati kama huu kila mtu ajiangalie mwenyewe. Muvi nzima ni baba huyo kujifunza kusikiliza. Mazombi wa humo wasipokuona hawana habari nawe; watu wanapaka maji kwenye kioo cha mlango na kubandika magazeti, kule ndani kunatulia. Na kumbuka Dongnae ya Kingdom leo ni wilaya ya jiji hilo hilo la Busan: kwenye moja balaa linaanzia huko, kwenye nyingine wote wanakimbilia huko. Mwendelezo wake, Peninsula ya 2020, ni magari kukimbizana. Ruka.

All of Us Are Dead, Netflix 2022, sehemu 12 ndani ya sekondari moja. Chanzo cha kirusi ni mwalimu wa sayansi ambaye mwanawe alionewa na wenzake mpaka baba akapoteza akili. Wazo zito, lakini imerefushwa. Sehemu nane zingetosha. Wazazi wajue kuna vipande vya wanafunzi kudhalilishwa ambavyo si vya kuangalia na watoto.

The Last of Us ya HBO, 2023, imetokana na gemu ya 2013. Humu ni fangasi badala ya kirusi, na fangasi wa jamii hiyo wapo kweli, wanawatawala chungu msituni. Msimu wa kwanza, sehemu tisa, uangalie. Sehemu ya tatu inaacha safari kabisa na kukaa na wanaume wawili wapenzi wanaozeeka ndani ya uzio wao. Kuna watakaoiruka, na kuna wanaoiona ndiyo bora ya tamthilia nzima. Mimi niko na hao wa pili. Msimu wa pili wa 2025 una sehemu saba na jambo moja la mapema lililowagawa watazamaji vibaya.

28 Days Later ikifuatwa na 28 Years Later ya 2025 ni kwa wanaopenda kukimbizwa. Danny Boyle na mwandishi Alex Garland walirudi pamoja, safari hii wakitumia zaidi kamera za iPhone, na humo yumo daktari Kelson, anayechezwa na Ralph Fiennes, ambaye kazi yake ni kusafisha mafuvu ya waliokufa na kuyapanga kuwa mnara. Waathirika na wasioathirika wanawekwa pamoja, wote walikuwa watu. Kwangu hilo moja linatosha kuisamehe mwisho wake wa ajabu. Isipokuwa usiiwashe sebuleni kukiwa na wakwe, kwani waathirika wa humo wanatembea uchi.

Kutoka Afrika, Ojuju ya C.J. Obasi, Nigeria 2014, ilitengenezwa kwa fedha kiduchu: mtaa wa Lagos wenye maji machafu, na maji ndiyo yanayogeuza watu. Ukiona ubora wa picha unasumbua, nenda Atlantics ya Mati Diop, iliyopata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019. Vijana wa Dakar wamejenga jengo refu, hawajalipwa miezi, wanapanda mtumbwi kwenda Hispania. Usiku waliobaki nyumbani wanaanza kumgongea tajiri mlango wakidai mishahara, na macho yao ni meupe. Wengine watasema hiyo si ya mazombi. Muulize yule tajiri.

Waliochoka kabisa na wanataka kucheka, One Cut of the Dead ya Japani, 2017. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa bila kukata kamera na zinaonekana kama kazi ya wanafunzi waliofeli. Usizime. Nasisitiza, usizime.

Na kama moyo wako bado uko kwa Rick na wenzake, fanya hivi: angalia Kingdom kwanza, halafu msimu wa kwanza wa The Walking Dead wote, na wa pili mpaka banda linapofunguliwa. Ukitaka kuendelea, ya gerezani inavumilika na mwanzo wa msimu wa tano ni mkali. Negan akiinua rungu, zima, usomewe yaliyobaki na anayependa kusimulia. Kila mtaa unaye mmoja, na atayafupisha vizuri kuliko walivyofanya wenyewe.